Kupandisha mapigo ya kompyuta: mbona hakuna anayekagua majibu?

Ukitaka kujifunza kupandisha mapigo ya prosesa, ile kazi ambayo vijana wa kompyuta wanaiita kuovakloki, somo utakalopewa karibu kila mara ni lilelile. Unaingia kwenye BIOS. Unapandisha kizidishi kutoka 36 hadi 42. Unaongeza volti kidogo. Kompyuta inawaka, mwalimu anashangilia, anaendesha programu moja ya kupima kasi kwa dakika kumi, namba inapanda, basi. "Imetulia kabisa," anasema, na somo limeisha.

Nina ugomvi na somo hilo, na ninauandika nikimfikiria msomaji wa mahali kama Ihanda, kule Karagwe. Ana desktopu moja nyumbani. Hiyohiyo ndiyo ya magemu ya mdogo wake, ndiyo ya kuchapia barua za watu, na ndiyo yenye faili la Excel la malipo ya kahawa ya kikundi. Mwalimu wa kwenye video akiharibu ana nyingine pembeni, pengine kapewa bure na kampuni. Wewe huna. Kwa hiyo swali la "imetulia au haijatulia" kwako ni zito kuliko kwake, na yeye ndiye anayelijibu kwa haraka haraka.

Tuanze na jambo dogo linalorukwa. Kompyuta nyingi za mezani zinazofika kwetu ni mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, zilizotumika miaka kadhaa Ulaya au Uarabuni kabla ya kushushwa hapa. Prosesa za Intel zilizomo zimefungwa kizidishi. Zile zilizoachwa wazi huwa na herufi K mwishoni mwa namba ya modeli, na hata hizo zinataka mazabodi ya daraja lake, kwa kawaida yenye chipseti inayoanza na Z. Kwa AMD hali ni nafuu: Ryzen karibu zote ziko wazi, lakini si kwenye mazabodi za daraja la A, kama A320. Sasa kijana ana OptiPlex yenye i5 isiyo na K, anazunguka kwenye BIOS usiku kucha akitafuta menyu ambayo haipo. Si mjinga. Kafundishwa na mtu ambaye hakujisumbua kusema somo lake linahusu kompyuta ipi.

Mbaya zaidi ni wale wanaompa njia ya kupitia dirishani: "Kama kizidishi kimefungwa, pandisha saa ya msingi." Saa ya msingi ni ile ya megahezi 100 ambayo kizidishi kinaizidisha, 100 mara 36 ndiyo gigahezi 3.6. Kwenye vizazi vya Intel kuanzia cha 2 hadi cha 4, ambavyo mtumba umejaa, saa hiyo imefungamana na njia zinazopeleka data kwenye diski na kadi. Ukiipeleka 103 umepata asilimia 3 ya kasi, na umeiyumbisha diski yenye faili zako zote. Hesabu hiyo mimi siielewi, na sijaona anayeifafanua.

Lakini tuseme unayo iliyo wazi. Nini hasa kinatokea ndani unapopandisha mapigo?

Kwenye gigahezi 4, pigo moja ni robo ya nanosekunde. Mwanga wenyewe, kwa muda huo, unasafiri sentimita saba na nusu tu. Ndani ya robo hiyo ishara lazima ipite kwenye mlolongo wa transista, ifike mwisho, na itulie kuwa sifuri au moja kabla pigo linalofuata halijaja kusoma jibu. Kiwandani wanaacha akiba ya muda. Ukipandisha mapigo unakula akiba hiyo. Ukiimaliza, pigo linakuja wakati ishara bado iko njiani, na kinachosomwa ni jibu la zamani au takataka. Ukiongeza volti transista zinageuka haraka zaidi, akiba inarudi kidogo. Ndiyo maana viwili hivi hupanda pamoja.

Na gharama yake? Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi hukua sambamba na mapigo, na sambamba na volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Chukua mfano: kutoka gigahezi 3.6 hadi 4.2, na kutoka volti 1.20 hadi 1.35. Mapigo yamepanda asilimia 17. Volti imezidi mara 1.125, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe ni karibu 1.27. Zidisha vyote: umeme na joto vimepanda kwa asilimia 48 hivi. Umenunua asilimia 17 kwa asilimia 48, na hiyo 17 yenyewe utaiona tu kwenye kazi ambayo kweli inasubiri prosesa. Kufungua Word hakumo.

Sasa hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo. Njia za ishara ndani ya chipu hazilingani urefu. Amri fulani ya hesabu inapita njia ndefu, nyingine fupi. Ukizidisha mapigo kidogo tu, haianguki prosesa nzima. Inakosea ile njia ndefu kuliko zote, kwa amri fulani, kwenye kiini fulani, joto likifika mahali fulani. Amri nyingine milioni zinapita salama. Kosa hilo likiangukia kwenye anwani ya kumbukumbu, Windows inakuletea skrini ya bluu na unajua kuna tatizo. Je, likiangukia kwenye namba ya kawaida? Hakuna kinachotokea. Kompyuta inaendelea kuwaka vizuri, ikiwa na jibu lisilo sahihi.

Hebu fikiria lile faili la kahawa. Mkulima anadai shilingi 450,000. Namba hiyo ikihifadhiwa kama namba nzima kwenye RAM, ni mfululizo wa sifuri na moja. Biti moja tu, ile yenye thamani ya 131,072, ikigeuka kutoka moja kuwa sifuri, sasa anadai 318,928. Hakuna rangi nyekundu, hakuna mlio. Namba inaonekana ya kawaida kabisa, ina tarakimu sita kama ya jana. Utaanzia wapi kumshawishi mzee huyo kwamba hukumwibia?

Nikisema hivi wapo wanaojibu kuwa natisha watu. Basi tuangalie yaliyowahi kuandikwa na watu waliokuwa na data.

Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza jinsi wenzake walivyokuwa wakikuta ripoti za kuanguka kwa Windows ambazo haziwezekani. Programu ilikuwa imeanguka kwenye amri inayofuta rejista iwe sifuri. Amri hiyo haigusi kumbukumbu, haigawanyi, haina namna ya kukosea. Walipowauliza wenye kompyuta, ikaonekana mapigo yalikuwa yamepandishwa, na baadhi ya wenyewe hawakujua: duka lilikuwa limepandisha na kuuza kama kompyuta ya kasi zaidi. Kwa lugha yetu, zilichakachuliwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchambuzi wa kompyuta takribani milioni moja za watumiaji wa kawaida. Mawili katika matokeo yao yanatuhusu. Kwanza, kompyuta iliyoanguka mara moja kwa sababu ya kosa la vifaa ina uwezekano mkubwa zaidi, hadi kufikia mara mia, wa kuanguka tena. Kwa hiyo ile kauli ya "iliganda mara moja tu, ilikuwa bahati mbaya" haina msingi. Pili, kompyuta zilizoshushwa mapigo chini ya kiwango cha kiwandani zilikuwa imara zaidi kwa kiasi kinachoonekana wazi. Hili la pili sijalikuta kwenye somo lolote la kuovakloki.

Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook nao wakaeleza kisa kilichonifanya niyatafute haya mengine. Kwenye vituo vyao vya data faili zilikuwa zinapotea wakati wa kufunguliwa kutoka kwenye hali ya kubanwa. Wakafuatilia hadi wakafika kwenye kiini kimoja cha prosesa moja, ambacho kilipopewa hesabu ya 1.1 kwa kipeo cha 53 na kuambiwa kibakize namba nzima, kilijibu sifuri. Jibu sahihi ni 156. Hesabu hiyo ilikuwa ya ukubwa wa faili. Faili yenye ukubwa sifuri ikahesabiwa kuwa haipo, ikarukwa. Kumbuka kompyuta hiyo haikupandishwa mapigo na mtu. Ilikuwa kasoro ya chipu. Ila inaonyesha sura ya kosa la kimya kwenye hesabu: mashine inawaka, vipimo vya kawaida vinapita, faili hazipo.

Halafu kuna la juzi tu. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilianza kuangusha magemu kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, wakati haijaisha. Programu ya kufungua data iliyobanwa ndani ya magemu hayo ina tabia ya kukagua data yake, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushika makosa. Intel mwaka 2024 ilikiri kuwa volti zilikuwa zinaombwa juu kupita inavyotakiwa, ikatoa marekebisho ya maikrokodi, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kabla ya hapo ilikuwa imejulikana pia kwamba mazabodi nyingi zilikuwa zikitoka kiwandani na mipangilio iliyovuka viwango vya Intel yenyewe, ili zionekane za kasi kwenye majedwali ya kupima. Yaani watu walikuwa wameovakloki bila kugusa kitu.

Basi tukirudi kwenye dakika kumi za mwalimu wetu: alipima nini? Programu za kupima kasi, mfano Cinebench, kazi yake ni kukupa namba ya kasi. Haikuletei hesabu na kusema hapa umekosa. Prime95 ni jambo jingine. Ilizaliwa kwenye mradi wa GIMPS, ulioanza 1996 kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, na watu wale walihitaji kujua kama mashine imekosea baada ya wiki nzima ya hesabu. Inazidisha namba kubwa mno kwa njia inayopitia desimali, lakini matokeo kihisabati lazima yawe namba nzima. Ikipata 7.02 inajua ni 7. Ikipata 7.46 inajua kuna kitu kimeharibika njiani, inakuambia na inasimama. Kwenye mtihani wake wa kukaza, inalinganisha pia jibu la mwisho na jibu linalojulikana tayari. Mtihani wa namna hii ndio ninaouheshimu. Kwa upande wa RAM kuna MemTest86, inayoandika kitu na kukisoma tena, bila Windows kuwepo katikati.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema saa 24 za Prime95 ndiyo mwisho wa maneno. Prosesa za siku hizi zinapanda mapigo ya juu kabisa pale kazi ni ndogo na ni kiini kimoja tu kinachofanya kazi. Kazi ikiwa nzito, zinashuka zenyewe. Ndiyo maana utakuta mashine imemaliza usiku mzima wa mateso, asubuhi inaganda ukiwa unaandika barua. Pima mizigo tofauti. Na kila baada ya kupima fungua kumbukumbu ya matukio ya Windows, tafuta chanzo kinachoitwa WHEA-Logger. Tukio namba 19 ni kosa la vifaa lililosahihishwa, namba 18 ni lile lisilosahihishika. Ukiona 19 kadhaa, mashine haijatulia, hata kama haijawahi kuganda. Inakubeba tu.

Jambo jingine la kuangalia ni kazi yenyewe, si mapigo yanayoandikwa kwenye skrini. Ryzen ikikosa volti ya kutosha inaweza kuonyesha gigahezi za juu huku ndani ikivuta mapigo yake yawe marefu. Skrini inasema 4.4, kazi inasema pungufu. Kumbukumbu za kadi za picha za siku hizi nazo hugundua kosa na kurudia kutuma, kwa hiyo ukizipandisha sana hazigandi, zinakuwa tu za polepole. Chukua saa ya mkononi, bana folda kubwa ileile kabla na baada. Ndicho kipimo.

Sasa, Ihanda. Somo la video limepimwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usiotikisika. Kwenu kuna mambo mawili matatu.

Mwinuko ni dogo kuliko wanavyodhani watu. Nyanda za Karagwe kwa sehemu kubwa ziko juu ya mita 1,500, na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Ila hewa hiyo pia ni ya baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, na kwa hesabu zangu faida inazidi hasara. Vumbi ndilo adui. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara linaziba hitisinki kama blanketi, na mashine iliyopimwa Mei si ileile ya Agosti. Chumba cha bati saa nane mchana nacho si chumba kilekile cha saa nne usiku. Ukipima usiku kwa sababu ndipo umepata nafasi, umepima saa rahisi kuliko zote.

Umeme ni hadithi ndefu. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulilishwa kutoka Uganda, kwa laini ya Masaka hadi Kyaka, na ukiwa mwisho wa laini ndefu unajua taa zinavyofifia saa za jioni. Pawasaplai nzuri inavumilia kushuka kwa volti. Inachoshindwa ni kukatika. Kwa vipimo vya ATX inatakiwa kushikilia takribani milisekunde 16 hivi ikiwa na mzigo kamili. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Kwa hiyo kukatika kwa wimbi moja tu, kitu ambacho jicho linakiona kama taa kupepesa, kunaweza kuizima. Akiba hiyo imo kwenye kapasita, na kapasita haijui umeongeza mzigo: mashine ikila zaidi, milisekunde zinapungua. UPS nazo nyingi za nyumbani huchukua milisekunde kadhaa kuhama kwenye betri. Pawasaplai ya ofisi ya wati 240, yenye miaka kumi, ukaiongezea asilimia 48 kwenye prosesa... unaelewa kwa nini inajizima saa moja usiku na kesho asubuhi iko fresh, fundi haoni tatizo.

Sichukii mchezo huu, msielewe vibaya. Kijana aliyepandisha mapigo kwa hatua ya megahezi 100, akapima, akaandika kwenye daftari, akarudi nyuma, ameelewa muda, joto na volti kuliko wengi tuliofundishwa darasani. Kama unayo mashine iliyo wazi na huna kazi za watu ndani yake, cheza. Ukifika mahali inapokosea, usirudi hatua moja tu kama wanavyofundisha. Rudi mbili au tatu, kisha jaribu kushusha volti badala ya kupandisha mapigo, uone joto linavyoanguka.

Lakini kama ni ile OptiPlex yenye faili la kahawa, kasi unayoitafuta haiko kwenye kizidishi. Mashine ya miaka minane ambayo pesti ya kupitisha joto imekauka huwa inafika nyuzi karibu 100 na kujipunguza mapigo yenyewe. Ifungue, ondoa vumbi, weka pesti mpya, na utarudishiwa gigahezi ulizokuwa umeshalipia. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Kama ina RAM kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho, data ipite njia mbili badala ya moja. Kwenye picha za ndani ya prosesa utaona tofauti wazi. Hakuna atakayetengeneza video ya kusisimua kuhusu pesti, najua.

Na ukinunua ya mtumba, Omurushaka, Bukoba au Kariakoo, usiamini kuwa iko kama ilivyotoka kiwandani. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Ingia BIOS, chagua kurudisha mipangilio ya kiwandani, hifadhi, iwashe tena, halafu linganisha kasi inayoonekana na ile iliyoandikwa kwenye namba ya modeli ya prosesa. Nenda na flashi yenye MemTest86, omba raundi moja. Kwa RAM ya gigabaiti 8 raundi hiyo inaweza kula nusu saa au zaidi, muuzaji atanuna, mnunulie soda.